Sumaku, Koili na Sindano Isiyosogea: Mwongozo Kamili wa Kuonyesha Induksheni ya Sumakuumeme

Malalamiko huja kwa sura moja: "Nimefanya kila kitu kilichoandikwa kitabuni, nimeingiza sumaku ndani ya koili, na sindano haikusogea." Anayelalamika huweza kuwa mwanafunzi wa kidato cha nne, mwalimu mgeni katika maabara, au mzazi aliyetaka kumwonyesha mwanawe jambo la kushangaza siku ya Jumamosi. Kanuni, kwamba sumaku ikisogea ndani ya koili (waya uliosukwa kwa mizunguko mingi) huzaa umeme, anaijua kwa ghibu. Kinachomshinda ni kuiona ikitendeka mezani.

Nimezikagua koili nyingi za namna hiyo, na karibu zote zilikuwa na kasoro mojawapo kati ya tatu: ncha za waya hazikukwanguliwa vanishi, sumaku ilisogezwa vibaya, au kipimio kilitumiwa kwa namna isiyofaa. Mwongozo huu umepangwa kwa kuzifuata kasoro hizo. Historia ya ugunduzi nimeiacha kando, isipokuwa mahali pamoja ambapo inatuonya.

## Vifaa vya kukusanya kabla ya kuanza

- Waya wa shaba wenye vanishi, unene wa milimita 0.3 hivi (geji namba 30 ni milimita 0.315), gramu 100. Nenda kwa fundi anayesuka mota. Yeye huuza kwa uzito. Gramu 100 za unene huo ni kama mita 140, na utatumia mita 100 hivi.
- Bomba la PVC la nusu inchi, urefu wa sentimita 20.
- Sumaku tano au sita za neodimia zenye umbo la sarafu, kipenyo cha milimita 12 na unene wa milimita 5 kila moja. Nenda nazo dukani unaponunua bomba, uhakikishe kwamba zinateleza ndani bila kukwama.
- Galvanomita, yaani kipimio cha sindano cha mkondo mdogo wa umeme, yenye sifuri katikati. Ukiikosa, multimita ya sindano itafaa, na multimita ya tarakimu iwe chaguo la mwisho.
- Multimita yoyote ya kupimia ukinzani.
- Rezista moja ya omu 1000 na taa mbili ndogo za LED nyekundu.
- Betri moja kubwa ya tochi ya volti 1.5.
- Fungu la misumari ya inchi 4.
- Kipande cha bomba la alumini chenye urefu wa mita moja, ambacho sumaku zitapita ndani yake.
- Msasa laini, kadibodi, gundi, selotepu, na nyaya chache zenye vibanio.

Sumaku ya spika iliyoharibika, ambayo wengi huikimbilia kwa kuwa ni ya bure, haifai kwa kazi hii, kwa sababu ni pete pana isiyoingia ndani ya koili. Sumaku mche za shuleni zinafaa kwa kusogeza sindano, lakini haziwashi taa.

Tahadhari: Sumaku za neodimia ni ndogo lakini zina nguvu kubwa. Mtoto akimeza mbili, zinaweza kuvutana kupitia kuta za utumbo na kumjeruhi vibaya, kwa hiyo zihesabu kabla ya kazi na baada yake. Ziweke mbali na mtu mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, na mbali na kadi za benki.

## Jambo moja la kuelewa kwanza

Sumaku iliyotulia ndani ya koili haizalishi umeme wowote, hata iwe na nguvu kiasi gani. Umeme huzaliwa pale fluksi ya sumaku, yaani kiasi cha uga wa sumaku kinachopita ndani ya mizunguko ya waya, kinapobadilika.

Mfikirie mlinzi aliyesimama mlangoni mwa ukumbi wa harusi, ambaye kazi yake ni kuandika wanaoingia na wanaotoka. Ukumbi ukijaa na kila mtu akakaa kitini, mlinzi hana la kuandika, hata kama ndani kuna watu elfu moja. Koili ni kama mlinzi huyo.

Hesabu yake ni fupi: volteji inayozaliwa ni idadi ya mizunguko, mara badiliko la fluksi, gawanya kwa muda ambao badiliko hilo limechukua. Tuweke namba za vifaa vyetu. Fungu la sumaku zetu, likiingia hadi katikati ya koili, huleta badiliko la takriban weba 0.00008 (weba ni kizio cha fluksi) katika kila mzunguko. Koili ikiwa na mizunguko 1200, na sumaku ikaingia kwa sekunde 0.05, tunapata 1200 × 0.00008 ÷ 0.05, ambayo ni volti 1.92. LED nyekundu huanza kuwaka karibu na volti 1.8, kwa hiyo itamulika. Ukiingiza sumaku ileile kwa nusu sekunde, utapata volti 0.19 tu, na taa itabaki gizani. Mkono wako ni sehemu ya saketi hii sawa na waya.

## Hatua ya 1: Andaa bomba

Kata visahani viwili vya kadibodi ngumu vyenye kipenyo cha sentimita 5, utoboe katikati tundu linalobana bomba, kisha uvigundishe vikiachana kwa milimita 30 katikati ya bomba. Subiri gundi ikauke kabisa.

Sababu ya kuchagua milimita 30 ni kwamba fungu la sumaku zako nalo lina urefu huohuo. Koili ndefu kuliko sumaku hupoteza waya bure, kwa kuwa sumaku ikiwa inatembea katikati yake, fluksi inayoingia kwenye mizunguko ya mbele hulingana na ile inayotoka kwenye mizunguko ya nyuma, na jumla yake huwa ndogo mno.

## Hatua ya 2: Suka koili

Toboa tundu dogo kwenye kisahani kimoja, pitisha waya, na uache sentimita 20 nje. Hii ni ncha A. Anza kuzungusha ukielekea upande mmoja, waya ukae ubavuni mwa waya, ukijaza safu moja kabla ya kurudi na kuanza safu ya pili juu yake. Weka alama kwenye karatasi kila unapofika mizunguko 100; anayetegemea kumbukumbu hupotea mlango wa nyumba unapogongwa.

Ukifika mizunguko 600, usikate waya. Toa kitanzi cha sentimita 15 nje ya kisahani, ukisokote ili kisilegee, kisha uendelee hadi mizunguko 1200. Kitanzi hicho ni ncha B, na mwisho wa waya ni ncha C. Kwa njia hii unapata koili mbili ndani ya moja, na utaona faida yake katika hatua za mbele. Funga kazi yote kwa selotepu.

Kuna swali linalorudi kila mara: je, safu inayorudi haifuti kazi ya safu iliyokwenda? Haifuti. Kinachohesabiwa ni upande ambao waya unazunguka bomba, si upande unaosafiri kando yake. Ilimradi mkono unazungusha kwa mwelekeo uleule tangu mzunguko wa kwanza hadi wa mwisho, safu zote zinasaidiana. Kosa la kweli hutokea pale mtu anapoweka koili chini akapumzike, akairudia akiwa ameigeuza kichwa chini, na akaendelea kusuka kwa mkono uleule. Kuanzia hapo kila mzunguko mpya unafuta mmoja wa zamani. Chora mshale kwenye kisahani kabla ya kuanza, na uutazame kila unaporejea kazini.

Tahadhari: Usivute waya kwa nguvu hadi ukarefuka au kukatika, wala usiupitishe kwenye ukingo mkali. Vanishi ikichubuka, mizunguko hugusana na umeme hupita njia ya mkato.

Ishara ya mafanikio: Safu ziko sawa, hazijapanda visahani, na koili imenenepa kwa milimita 5 au 6 juu ya bomba.

## Hatua ya 3: Kwangua vanishi

Kama ungesoma hatua moja tu ya mwongozo huu, ningetaka iwe hii. Waya wa kusukia mota unaonekana kuwa shaba tupu, una rangi ya shaba na unang'aa kama shaba, lakini umefunikwa na vanishi isiyopitisha umeme. Bila vanishi hiyo koili isingekuwa koili, bali kipande kimoja cha shaba. Lakini vanishi hiyohiyo ikibaki kwenye ncha, kibanio chako kinashika vanishi, si waya, na saketi iko wazi ingawa macho yanakuambia imefungwa.

Kunja kipande cha msasa laini, ushike ncha A ndani ya mkunjo, na uvute kuelekea nje mara kumi au kumi na tano, huku ukiuzungusha waya kati ya vidole. Sentimita 2 zinatosha. Utaona rangi ikibadilika: vanishi ina wekundu wa kahawia uliokolea, na shaba iliyokwanguliwa ni ya waridi iliyopauka, haina mng'ao wa kioo. Ukiona michirizi iliyokolea imebaki upande mmoja, hujamaliza.

Fanya vivyo hivyo kwenye ncha C na kwenye kichwa cha kitanzi B. Wengine huchoma vanishi kwa kiberiti, na njia hiyo huacha masizi ambayo nayo yanazuia umeme. Ukiitumia, pitisha msasa baadaye. Wembe ninaukataa, kwa sababu huukata waya mwembamba nusu, kisha unakatikia mkononi katikati ya jaribio.

## Hatua ya 4: Pima koili kabla ya kugusa sumaku

Weka multimita kwenye kipimo cha omu 200. Gusanisha kwanza nyaya zake mbili, uandike inachoonyesha, na ukitoe kwenye vipimo vyote vinavyofuata.

Kati ya A na B unatarajia omu 9 hadi 10. Kati ya B na C ni omu 12 hivi, kwa sababu mizunguko ya nje ni mikubwa na imekula waya mwingi zaidi ingawa idadi ni ileile. Kati ya A na C unatarajia omu 21 au 22.

Kipimio kikionyesha kwamba hakuna njia, rudi hatua ya 3. Mara tisa katika kumi ni vanishi. Kikionyesha namba inayorukaruka, kukwangua kumefanyika nusu. Kikionyesha omu chache sana, mathalani 4 badala ya 10, vanishi imechubuka ndani ya koili na safu zinagusana. Hapo hakuna dawa ila kufumua na kusuka upya.

Usiendelee mbele kabla namba hizi hazijakaa sawa. Dakika mbili za kupima ni bora kuliko alasiri nzima ya kutikisa sumaku juu ya waya usio na njia.

## Hatua ya 5: Weka kipimio mahali pake

Unganisha ncha A kwenye rezista ya omu 1000, rezista kwenye galvanomita, na upande wa pili wa galvanomita kwenye ncha B. Rezista ipo kwa ajili ya kuilinda sindano, kwa kuwa sumaku za neodimia zinaweza kuipiga ukutani hadi ikapinda. Anayetumia sumaku mche ya shule aiondoe, la sivyo hataona kitu.

Ndani ya galvanomita kuna sumaku, na sumaku yako ikiwa karibu inaweza kuisogeza sindano moja kwa moja bila koili kuhusika. Hii ni hatari kuliko sindano isiyosogea, kwa sababu inakupa jibu la uongo. Jaribu hivi: chomoa waya mmoja, kisha tikisa sumaku ndani ya koili kama utakavyofanya baadaye. Sindano ikicheza, sogeza kipimio mbali zaidi, urudie hadi itulie. Mita moja kwa kawaida inatosha.

Lakini usikipeleke mbali kuliko macho yako. Hapa ndipo historia inapotuonya. Mwaka 1825 mwanafizikia Jean-Daniel Colladon wa Geneva alikuwa na wasiwasi huuhuu wa sumaku kuisumbua sindano, akavuta nyaya ndefu na kuiweka galvanomita chumba kingine. Aliingiza sumaku, akatembea kwenda kutazama, na alipofika sindano ilikuwa imekwisha kurudi kwenye sifuri. Miaka sita baadaye mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday aliliona jambo hilo. Kwa hiyo msaidizi mmoja atazame sindano, au ukae mahali ambapo mkono na jicho vinafanya kazi pamoja.

Kwa wenye multimita ya tarakimu: kifaa hicho husoma mara mbili au tatu tu kwa sekunde, na msukumo wako unaweza kupita kati ya usomaji mmoja na mwingine. Ondoa rezista, weka kipimo cha milivolti 2000 cha umeme mnyoofu, na uangalie kama kinaonyesha namba yoyote yenye alama ya kutoa au isiyo nayo. Ukubwa wa namba hiyo usiuamini.

## Hatua ya 6: Ingiza sumaku, na usimame katikati

Panga sumaku zako ziwe fungu moja kwa kuziacha zivutane zenyewe. Ukizilazimisha ncha zinazofanana zikabiliane, fluksi zake zinapingana. Gundisha fungu kwenye kijiti cha mbao, na uweke alama ya wino upande mmoja.

Sasa ingiza fungu ndani ya bomba kwa mwendo mmoja wa haraka, na usimame likiwa katikati ya koili. Neno "usimame" ndilo linaloamua. Ukilipitisha moja kwa moja hadi upande wa pili, fluksi inapanda na kushuka papo hapo, misukumo miwili ya pande tofauti inafuatana, na sindano nzito haiwahi kuitika wa kwanza kabla ya kuvutwa na wa pili. Utakachoona ni mtetemo mdogo tu. Nimewahi kuona darasa zima likiandika "hakuna mkondo" kwa sababu hiyo pekee.

Fanya majaribio haya kwa mfuatano, ukiandika upande na umbali wa sindano kila mara:

1. Ingiza na usimame. Sindano inaruka upande mmoja, kisha inarudi kwenye sifuri.
2. Iache sumaku humo kwa sekunde kumi. Sindano inabaki kwenye sifuri. Wengi huliruka jaribio hili wakidhani ni kupoteza muda, ilhali ndilo linalothibitisha jambo zima.
3. Ichomoe. Sindano inaruka upande wa pili.
4. Geuza fungu, upande wenye alama uwe nyuma, na urudie. Pande zote zinabadilishana.
5. Iache sumaku imetulia, uisogeze koili. Sindano inaitika vilevile, kwa kuwa kinachohesabiwa ni mwendo wa kimoja kulingana na kingine.
6. Shika koili na sumaku kwa pamoja na uvisogeze bila kuachana. Hakuna kitu.

Kisha pima athari ya idadi ya mizunguko. Mkono hauwezi kurudia kasi ileile mara mbili, kwa hiyo simamisha bomba wima na uziba chini kwa kijiti, ili sumaku ikianguka isimame katikati ya koili. Weka kitambaa juu ya kijiti, sumaku isivunjike. Toa fungu kwenye kijiti chake na uliachilie kutoka ukingo wa juu, kwanza ukitumia ncha A na B, kisha A na C. Rezista ikiwa bado ipo, mruko wa sindano wa mara ya pili unapaswa kukaribia maradufu ya ule wa kwanza. Hautakuwa maradufu kamili, kwa kuwa mizunguko ya nje iko mbali kidogo na sumaku.

## Hatua ya 7: Washa taa

Ondoa galvanomita na rezista. Unganisha LED mbili kati ya A na C, mguu mrefu wa moja ukikutana na mguu mfupi wa nyingine. LED hupitisha mkondo upande mmoja tu. Zikiwekwa hivi, moja itamulika sumaku ikiingia na nyingine ikitoka.

Ziba ncha zote mbili za bomba kwa kitambaa kilichobanwa kwa selotepu, sumaku ikiwa ndani bila kijiti. Zima taa za chumba au funika kwa kiganja, kisha tikisa kwa nguvu, mara nne au tano kwa sekunde.

Ishara ya mafanikio: Miali mifupi ya kupokezana. Usitarajie mwanga wa tochi. Zikikataa kuwaka, hakikisha kwanza umetumia nyekundu, kwa kuwa LED nyeupe na ya buluu huhitaji karibu volti 3. Kisha hamisha vibanio kwenye A na B, na utikise kwa nguvu ileile: mwanga utafifia mno au kupotea kabisa, kama hesabu ya mwanzo ilivyosema.

Dainamo ya baiskeli na steta ya bodaboda ni kazi hiihii, ila huko sumaku inazungushwa na gurudumu au injini badala ya kutikiswa na mkono.

## Hatua ya 8: Ione kanuni ya Lenz kwa macho

Kanuni ya Lenz inasema kwamba mkondo unaozaliwa huelekea upande unaopinga badiliko lililouzaa. Kwenye karatasi inakaririwa na kusahaulika; kwenye bomba la alumini haisahauliki.

Kwanza hakikisha bomba ni alumini kweli. Bomba nyingi za kutundikia pazia ni chuma kilichopakwa rangi, na sumaku ikinata kwenye ukuta wake, hilo silo. Alumini haivutwi na sumaku, na ndiyo maana kinachofuata hushangaza.

Simamisha bomba la mita moja, weka kitambaa chini, na uachilie kwanza kipande cha chuma chenye ukubwa wa sumaku. Kitatoka kwa sekunde 0.45 hivi, kama kitu chochote kinachoanguka mita moja. Sasa achilia sumaku mbili zilizoungana. Zitateremka taratibu kana kwamba bomba limejazwa asali, na ukichungulia kwa juu utaziona zikielea bila kuugusa ukuta kwa nguvu yoyote. Bomba likiwa nene na nafasi ikiwa ndogo, zinachelewa zaidi.

Sababu ni kwamba ukuta wa bomba ni sawa na pete nyingi za waya zilizofungwa. Sumaku inaposhuka, pete zilizo chini yake huona fluksi ikiongezeka na huzalisha mkondo unaoisukuma juu. Pete zilizo juu yake huona fluksi ikipungua na huzalisha mkondo unaoivuta irudi. Nishati ya kuanguka inageuka kuwa mkondo, na mkondo unageuka kuwa joto dogo ndani ya alumini. Kama mkondo ungesaidia badala ya kupinga, sumaku ingeongeza kasi bila kikomo na tungepata nishati pasipo kuilipia.

## Hatua ya 9: Zalisha umeme bila kusogeza kitu

Hapa ndipo kitanzi B kinapolipa. Unganisha galvanomita moja kwa moja kati ya B na C. Betri ya volti 1.5 itaunganishwa kati ya A na B, lakini acha waya mmoja wa betri wazi mkononi mwako. Ingiza fungu la misumari ndani ya bomba. Chuma huongeza fluksi inayopita kwenye koili zote mbili.

Tahadhari: Betri isiguse kamwe vituo vya galvanomita moja kwa moja. Shika waya kwa plastiki yake, kwa sababu koili ikikatiwa umeme ghafla huweza kukuchoma vidole kwa mshtuko mdogo, hata kama betri ni ya volti 1.5 tu. Usiunganishe betri kwa zaidi ya sekunde chache, kwani mkondo wa karibu ampia 0.16 utaimaliza bure. Na koili hii isiguse umeme wa ukutani kwa hali yoyote ile.

Gusisha waya wa betri. Sindano inaruka. Endelea kuugusisha: sindano iko kwenye sifuri, ingawa betri inasukuma mkondo kwenye koili ya kwanza muda wote. Achia: sindano inaruka upande wa pili. Ondoa misumari na urudie, uone mruko ulivyopungua.

Hakuna kilichosogea mezani. Kilichobadilika ni uga wa koili ya kwanza, uliokua pale ulipounganisha na kuanguka pale ulipoachia. Transfoma iliyo juu ya nguzo ya mtaani hufanya kazi kwa namna hii. Haihitaji mkono wa kuunganisha na kuachia kwa kuwa umeme wa gridi wa herzi 50 hugeuka wenyewe mara 100 kwa sekunde. Ndiyo maana pia anayechomeka transfoma ya kawaida kwenye betri ya sola ya volti 12, akitarajia kupata volti 230 upande wa pili, huona cheche moja wakati wa kuunganisha, kisha hapati kitu ila koili inayochemka hadi vanishi yake inanuka.